KUFUNGA MALI KWA SAFARI: TOKA NYANSIONGO MPAKA MOMBASA

Mkulima akiisha kuvuna huona kazi imekwisha. Kumbe mali yake ndiyo kwanza inaanza safari, na mali nyingi huharibika njiani kuliko tunavyodhani. Mwezi huu tunataka kuzungumza na wakulima wa skimu juu ya jambo hili moja: namna ya kufunga mali ili ifike salama. Mfano wetu mkubwa utakuwa chai, kwa sababu ndiyo inayowapa watu wengi wa Nyansiongo na Borabu yote karo ya watoto na mabati ya nyumba.

MJUE ADUI KWANZA

Kabla ya kuchagua chombo cha kufungia kitu, yafaa kuuliza swali moja: Adui wa kitu hiki ni nani?

Tutazame bunduki. Askari wa King's African Rifles walibeba bunduki za Lee-Enfield zilizoletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Bunduki ni chuma na mti, na mtu aweza kudhani kwamba kitu kigumu namna hiyo hakihitaji kutunzwa. Lakini hewa ya bahari huleta kutu, mtikiso huharibu shabaha, na mwizi huitamani. Kwa hiyo chuma kilipakwa mafuta mazito, bunduki ikafungwa kwa karatasi yenye nta, kisha ikalazwa ndani ya sanduku la mbao lenye nafasi zilizochongwa, kila moja mahali pake, zisigongane. Mafuta yalizuia kutu, nafasi zile zilizuia mtikiso, na sanduku lililopigiliwa misumari lilimzuia mwizi.

Wachongaji wa mawe wa Tabaka nao wanajua hekima hiyo. Jiwe la Kisii ni laini na hukatika upesi. Adui wake ni kugongana, wala si maji. Kwa hiyo kila kinyago hufungwa peke yake, na nafasi zote ndani ya sanduku hujazwa kitu laini, kisitikisike.

Je, adui wa chai ni nani? Chai ina maadui wawili, mmoja kabla ya kufika kiwandani na mwingine baadaye. Kabla ya kiwanda adui ni joto. Baada ya kiwanda adui ni unyevu na harufu. Tuwatazame mmoja mmoja.

JOTO LILILO NDANI YA MFUKO

Majani mawili na chipukizi yakichumwa hayafi papo hapo. Yanaendelea kupumua, na katika kupumua hutoa joto. Yakiwa ndani ya kikapu chenye matundu, joto hilo hutoka. Yakishindiliwa ndani ya mfuko, joto halina njia. Majani hupondeka, hupata moto na kuwa mekundu. Wekundu huo ni mwanzo wa kuiva kwa chai, kazi ambayo ilipasa kufanywa kiwandani kwa kipimo na kwa saa maalum. Ikianza mfukoni, hakuna fundi awezaye kuirudisha nyuma.

Kwa hiyo twawaomba wakulima washike mambo haya:

Chumeni kwa kikapu, wala msishindilie majani kwa mkono. Kikapu kikijaa, kimwageni kivulini.

Tumieni mifuko inayopitisha hewa, na kila mfuko ujazwe kwa wepesi, kilo 10 hivi, si zaidi. Kamwe msiukanyage mfuko ili uingize zaidi. Mkulima anayefanya hivyo apunguza mifuko ya kubeba, lakini apunguza na bei.

Msitumie mfuko uliokuwa na mbolea, hata ukioshwa. Mfuko wa plastiki haupitishi hewa, na mabaki ya mbolea hayafai kugusa kitu kitakachonywewa na watu.

Kituoni, mifuko itundikwe au ipangwe kivulini. Isirundikwe mmoja juu ya mwingine, wala mtu asiikalie akingojea lori.

Lori likichelewa, tieni mkono katikati ya mfuko. Mkono ukisikia joto, mwageni majani juu ya sakafu safi na kuyageuza mpaka yapoe. Kipimo hiki hakina gharama, na hata mtoto aweza kukifanya.

Karani akiukataa mfuko mmoja, mwenyewe hukasirika, na hasira yake tunaielewa, maana ametoka nyumbani alfajiri. Lakini ajue kwamba kiwandani majani yake hayatatengwa na ya majirani. Mfuko mmoja uliopata moto waingia pamoja na mifuko ya wakulima waliojitahidi. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

UNYEVU WA PWANI

Kiwandani majani hunyaushwa, hukatwa, huachwa yaive, kisha hukaushwa. Kilo 4 na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo 1 tu ya chai kavu. Chai itokapo kwenye kikaushio hubaki na maji kama sehemu 3 tu katika 100. Chai kavu namna hiyo ina kiu. Itanywa unyevu wowote ulio hewani, na itavuta harufu ya kila kitu kilicho karibu: mafuta ya taa, sabuni, vitunguu, samaki.

Na safari yake ni zaidi ya kilomita 700. Inatoka katika baridi ya Nyansiongo, inapita Nairobi, inateremka mpaka Mombasa kwenye joto na hewa nzito ya bahari. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, na mwaka 1969 ukahamishiwa Mombasa. Tangu hapo chai hungojea wanunuzi katika maghala ya pwani, kisha hupanda meli kwenda Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko.

Zamani chai ilifungwa katika masanduku ya mbao nyembamba, kingo zake zikizungushiwa bati, na ndani yakiwa na karatasi ya madini. Hapo kale karatasi hiyo ilikuwa ya risasi, ambayo ni sumu. Baadaye ikawa ya alumini. Masanduku hayo yalikuwa imara, lakini yalikula miti mingi, yalikuwa mazito, na msumari mmoja uliopinda uliweza kutoboa karatasi ya ndani.

Siku hizi chai hufungwa katika magunia ya karatasi ngumu ya tabaka kadhaa, na tabaka la ndani huzuia unyevu. Gunia moja la kilo 65 lina kazi ya karibu kilo 300 za majani mabichi. Magunia hupangwa juu ya vibao, yasiguse sakafu, kisha huingizwa katika kontena. Kontena nalo lataka uangalifu. Usiku likipoa, mvuke hugeuka maji darini na kudondoka kama mvua. Kwa hiyo ni lazima liwe kavu, lisilo na tundu wala harufu ya mzigo uliotangulia.

FAIDA IKO WAPI?

Kabla ya mnada, waonjaji huonja kila aina ya chai iliyoletwa. Bei wanayokubali wanunuzi ndiyo huamua bonasi ya mwisho wa mwaka. Mwonjaji wa Mombasa hajui njia ya kwenda kwako, wala hajui kwamba lori lilikwama kwenye matope. Anajua tu kile kilicho kikombeni.

Gunia zuri la Mombasa hulinda uzuri uliokuwamo, haliwezi kuuongeza. Mafundi wa kiwanda wana sehemu yao, na wenye maghala wana yao. Lakini kufunga kwa kwanza ni kwako wewe mkulima, hapo shambani, saa ile unapomwaga kikapu chako mfukoni. Jaza kwa wepesi, weka kivulini, na tia mkono ndani kabla ya lori kufika.