Je, Wajua? Moyo Kutoka Bucha la Webuye

Je, wajua kuwa moyo wa ng'ombe una mfupa ndani? Mimi nilijua siku kisu kilipokwama. Nilikuwa nimeununua asubuhi katika bucha moja mjini Webuye, karibu na zinakosimama matatu za Kitale, na muuzaji alipoinua panga nilimzuia. "Usikate. Nipe mzima, na mirija yake." Akanitazama. "Mirija huwa ya mbwa, mwalimu." Nikamwambia leo mbwa watanisamehe. Nyumbani niliulaza juu ya jani la mgomba, watoto wa jirani wakasogea, na somo likaanza bila ubao.

Mfupa wenyewe ni mdogo, umejificha pale mshipa mkuu unapochomoza. Binadamu hatuna. Sisi tuna pete nne za nyuzi ngumu zilizoshikana, na vali za moyo zimeshonewa humo kama mlango kwenye fremu. Pete hizo huzuia pia umeme wa moyo usipite ovyo: vyumba viwili vya juu hujikaza kwanza, umeme ukapenya kwenye kijia kimoja tu na kucheleweshwa kidogo, ndipo viwili vya chini vifuate. Kijia hicho alikieleza Mjapani Sunao Tawara mwaka 1906. Mwaka uliofuata Arthur Keith na Martin Flack, huko Uingereza, wakakipata kiini kinachowasha cheche yenyewe.

Je, wajua uzito wa moyo wako? Kipimo cha bucha kinatosha: robo kilo na ushee. Gramu 250 hadi 350 kwa mtu mzima, ukubwa wa ngumi yake mwenyewe. Wa ng'ombe wangu ulikaribia kilo mbili.

Je, wajua kuwa moyo hauko kushoto? Uko katikati, nyuma ya mfupa wa kidari, umelalia kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Ila umeinama, kiasi kwamba theluthi mbili zake zimevuka upande wa kushoto, na ncha yake hugonga ukuta wa kifua kati ya ubavu wa tano na wa sita. Hapo ndipo unapousikia, hapo ndipo tunapodhani unakaa. Kijana wa Kibukusu anayeelekea kutahiriwa anapovikwa shingoni kipande cha nyama kutoka kwa khocha, yaani mjomba wake, nacho kikaning'inia kifuani, kinachezacheza mbele ya moyo hasa, si kando yake.

Tukishafika kwenye mambo ya tohara: je, wajua tope la mto hufanya nini kwenye mishipa? Agosti ya miaka shufwa, alfajiri, mtahiriwa hupakwa litosi, tope baridi la mtoni, kabla ya kusimama mbele ya kisu bila kupepesa. Wazee wana maelezo yao na siyagusi. La mishipa ni hili: ngozi ikipata baridi, mishipa midogo iliyo chini yake hujibana, damu ikarudi ndani. Moyo nao wakati huo, kwa hofu anayoificha usoni, unadunda mbio. Uso unaweza kufundishwa kutulia. Moyo haufundishiki kirahisi hivyo.

Sasa jambo lililonifanya ninunue moyo mzima. Binya ukuta wa chumba cha chini cha kulia, kisha wa kushoto. Wa kulia ni laini, unabonyea. Wa kushoto ni mnene kama mara tatu, hata vidole vinachoka. Watoto walidhani ng'ombe alikuwa mgonjwa. La. Hizi ni pampu mbili zilizogandana mgongo kwa mgongo, na safari zake hazifanani. Ya kulia hupeleka damu mapafuni, hapo jirani tu, kama kutoka Webuye kwenda Lugulu. Ya kushoto huisukuma hadi utosini na hadi kidole gumba cha mguu. Hiyo ni Webuye hadi Mombasa.

Tupime. Presha ya kawaida ya pampu ya kushoto inapojikaza ni karibu milimita 120 za zebaki. Ingekuwa maji badala ya zebaki, yangepanda kwenye mrija wima kiasi cha mita 1.6, yaani usawa wa masikio ya mtu mrefu. Pampu ya kulia, kwa milimita 25 zake, ingeyapandisha hadi sentimita 34 tu, hata gotini hayafiki ukiwa umesimama. Mwingereza Stephen Hales hakutumia maji wala hesabu: alitia mrija wa kioo kwenye mshipa wa farasi jike, damu ikapanda karibu mita mbili na nusu. Alichapisha habari hiyo mwaka 1733. Twiga, mwenye shingo ya kulipia, presha yake ni kama maradufu ya yetu.

Hapa wengi huteleza, hata wanafunzi wangu wazuri: wakiona ukuta mnene wanadhani upande wa kushoto husukuma damu nyingi zaidi. Sivyo. Pande zote mbili hupitisha kiasi kilekile, karibu lita tano kwa dakika ukiwa umetulia. Mtungi wa lita 20 ungejaa kwa dakika nne. Kwa siku nzima, kwa mapigo kama 100,000, ni mitungi 360. Kiasi kikitofautiana hata kidogo, upande mmoja utajaza mwenzake. Upande wa kushoto ukichoka, damu husongamana nyuma yake, na nyuma yake ni mapafu. Ndiyo sababu mgonjwa wa moyo hulala akiwa ameegemea mito mitatu: akilala chali, pumzi inamkatika. Upande wa kulia ukichoka, msongamano hurudi miguuni, kifundo kikavimba, viatu vikabana jioni.

Je, wajua kuwa vena ni mto na ateri ni kinyume cha mto? Nzoia huanzia Cherangani na Elgon, hupokea vijito, hunenepa, huporomoka Nabuyole (maporomoko ambayo wakoloni waliyaita Broderick, na mji wetu ukabeba jina hilo kwa miaka), kisha hujimwaga katika Ziwa Victoria. Vena ndivyo zilivyo: nyembamba huungana kuwa nene, mpaka vena kuu mbili, ya juu na ya chini, zimwage damu kwenye chumba cha juu cha kulia. Ateri huanza na bomba moja kubwa, aota, lenye upana wa kama sentimita mbili na nusu, likatawanyika hadi nyuzi ambazo chembe nyekundu za damu hupita moja moja, zikijikunja ili zitoshe. Anayetafuta mfano wa aota asiende mtoni, aende kwa fundi wa maji ya mfereji.

Na ateri si lazima iwe na damu nyekundu inayong'aa. Ateri maana yake ni mshipa unaotoka moyoni, basi. Ateri ya mapafu hubeba damu iliyofifia, na vena za mapafu huirudisha ikiwa imeng'aa. Watunga mitihani hulipenda swali hili kupita kiasi.

Je, wajua moyo hula lini? Umejaa damu, lakini kuta zake haziwezi kuinyonya damu inayopita vyumbani. Matawi ya kwanza kabisa ya aota, mara tu inapoanza, ni ateri mbili zinazorudi kuulisha moyo wenyewe. Kwenye moyo wangu wa bucha zilitambaa chini ya mafuta, kama mizizi ya mvumo chini ya udongo. Na kwa kuwa msuli ukijikaza huzibana, upande wa kushoto hupata sehemu kubwa ya riziki yake katikati ya mapigo, unapolegea. Moyo ukienda mbio sana, muda wa kula hupungua. Mishipa hiyo ni myembamba kuliko mrija wa kunywea soda. Ukiziba mmoja, sehemu ya msuli inakufa njaa ikiwa imezungukwa na damu.

Mara ngapi umesoma kuwa mishipa yote ya mwili ikiunganishwa ni kilomita 100,000? Nimeiandika mwenyewe katika safu hii, na leo naifuta. Hesabu hiyo ina mzizi kwa Mdenmarki August Krogh, mshindi wa Nobel wa 1920, aliyekadiria kwa mwili wenye misuli mingi kupita ya mtu wa kawaida. Waliorudia hesabu hivi karibuni wamepata kati ya kilomita 9,000 na 19,000. Bado si haba. Hata 9,000 ni kama safari kumi za Webuye hadi Mombasa.

Je, wajua kuwa sauti yako hupita jirani na moyo? Neva inayoendesha upande wa kushoto wa zoloto hushuka kutoka kichwani, ikalipita zoloto lenyewe, ikateremka kifuani, ikapinda chini ya tao la aota, kisha ikapanda tena hadi kooni. Kwa twiga, mzunguko huo ni wa mita kadhaa. Moyo ukivimba na kuikandamiza neva hiyo, mtu anaweza kupata sauti ya kukwaruza, akanywa tangawizi mwezi mzima, kumbe tatizo liko chini kabisa.

Je, wajua kuwa kifaa anachojitundika daktari shingoni kilianza kama karatasi? Webuye, mji uliojulikana kwa kiwanda cha karatasi cha Pan Paper hadi kilipofungwa mwaka 2009, unapaswa kulijua hili kuliko wote. Mwaka 1816, mjini Paris, Mfaransa René Laënnec aliona haya kuegemeza sikio kwenye kifua cha msichana. Akaviringisha karatasi kuwa bomba, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni, na mapigo yakasikika vizuri kuliko kwa sikio tupu. Jaribu kwa daftari la mtoto. Utasikia sauti mbili: ya kwanza nzito, ya pili fupi. Moyo wenyewe hauongei. Ni vali zinazofungwa, kwanza zile za kati ya vyumba vya juu na vya chini, halafu zile za milango ya kutokea.

Mvumo kati ya sauti hizo mbili huweza kuwa wa kawaida kwa mtoto, lakini wakati mwingine ni vali inayovuja au isiyofunguka sawasawa. Na hapa inabidi nipunguze mzaha. Katika nchi zetu, vali nyingi za vijana huharibika kwa sababu inayoanzia kooni. Mtoto huumwa na koo kwa bakteria fulani, hapati dawa, na kinga yake inayopigana na bakteria hao inageuka na kushambulia vali. Vali ya kushoto, yenye mapazia mawili, ndiyo huumia zaidi. Miaka hupita kimya. Kisha binti anapata mimba, damu inaongezeka, moyo unashindwa, naye anakimbizwa Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Penisilini ya bei nafuu, iliyotolewa mapema, ingemwepusha na safari hiyo.

Kampala nayo imeingia katika vitabu vya moyo. Mwaka 1948 daktari wa maiti J. N. P. Davies alieleza ugonjwa aliouona huko Uganda, ambao ndani ya vyumba vya chini hugandisha utando mgumu mweupe, moyo ukashindwa kutanuka. Zaidi ya miaka 70 baadaye, chanzo chake bado kinabishaniwa.

Ukivuka mpaka wa Malaba kwenda huko Uganda, chunga ulimi. Moyo wa Kiswahili ni kumwoyo kwa Kibukusu, kiungo kilekile. Lakini Mganda akisema omwoyo anataja roho. Kiungo chenyewe anakiita omutima. Nasi tulikuwa na neno hilo. Mtima bado unaishi katika mashairi, ila ukienda kuomba mtima buchani utachekwa.

Je, wajua kuwa wewe pia ulikuwa na tundu moyoni? Mtoto tumboni hapumui, basi damu haina haja ya kupita yote mapafuni. Hukata njia kupitia kidirisha kati ya vyumba vya juu. Kilio cha kwanza hugeuza presha na kidirisha hujibana. Kwa mtu mzima mmoja kati ya wanne hivi, hakikuzibika kabisa, na wengi wao hufa uzeeni bila kujua.

La haraka, ukiwa kwenye matatu kabla haijajaa: acha mkono uning'inie, chagua mshipa uliotuna, uzibe kwa kidole, kisha kwa kidole kingine ukamue damu kuelekea juu. Mshipa hubaki bapa, kwa kuwa vali ndogo ndani yake haziruhusu damu irudi chini. Achia kidole cha chini, utajaa papo hapo. Kwa jaribio hili na mengine, mwaka 1628, William Harvey alionyesha kuwa damu huzunguka. Njia ya mapafuni ilikuwa imeshaelezwa na Ibn al-Nafis, tabibu wa Dameski na Kairo, katika karne ya 13.

Ule moyo wangu? Ulikatwa vipande, ukachemshwa saa mbili, ukakaangwa kwa kitunguu na nyanya, ukaliwa na ugali. Ndani ya vyumba vya chini kulikuwa na nyuzi nyeupe, kama kamba za mwavuli, zinazozuia vali zisipinduke damu inaposukumwa. Nyama iliiva. Nyuzi hazikuiva, na mtoto mdogo kuliko wote alikaa nazo kati ya meno hadi usiku.