Je, Wajua? Wavuvi wa Kaa na Boti ya Uokoaji ya Cromer

Cromer ni mji mdogo wa pwani katika jimbo la Norfolk, mashariki mwa Uingereza, unaotazamana na Bahari ya Kaskazini. Wageni huufuata kwa mambo mawili: kaa wake watamu, na gati lake lililofunguliwa mwaka 1901. Ukilifuata gati hilo kuelekea baharini unakuta ukumbi wa maonyesho. Ukiupita ukumbi, mwisho kabisa wa gati, kuna nyumba ya boti ya uokoaji, milango yake ikielekea majini. Watu wanacheka na kupiga makofi ukumbini, na hatua chache tu kutoka hapo boti imekaa juu ya reli zake, tayari kuteremka.

Je, wajua kwamba kituo hiki ni kikongwe kuliko chama kinachokiendesha? Cromer ilipata boti yake ya kwanza ya uokoaji mwaka 1804, nayo iliundwa na Henry Greathead wa South Shields, fundi ambaye jina lake haliachani na historia ya vyombo hivi. RNLI, chama cha hiari kinachosimamia uokoaji wa baharini Uingereza na Ireland, kilianzishwa London tarehe 4 Machi 1824 kwa juhudi za Sir William Hillary, na Cromer ikaingia chini yake katika miaka ya 1850. Kabla ya hapo, kwa takriban nusu karne, boti ililelewa na watu wa mji na wa jimbo lao wenyewe.

Walikuwa na sababu. Makaa ya mawe yaliyowasha meko za London yalisafirishwa kwa meli kutoka kaskazini, na njia yake ilipita mbele ya pwani ya Norfolk. Upande wa kusini-mashariki mwa Cromer, mbali kidogo na nchi kavu, kuna fungu refu la mchanga liitwalo Haisborough, ambalo limejificha chini ya maji. Upepo ukivuma kwa hasira kutoka kaskazini, meli ikakosea njia usiku, fungu lile huikamata kwa chini, kisha mawimbi huanza kuivunja kidogo kidogo huku watu wakiwa bado ndani.

Waliokwenda kuwatoa walikuwa wavuvi. Asubuhi walitega na kutegua madema ya kaa. Wakiitwa, waliacha kila kitu. Hawakuwa na mshahara wa uokoaji ila kifuta jasho kidogo kila boti iliposhuka majini. Walichokuwa nacho ni ujuzi ambao hakuna chuo kingeweza kuwapa: walijua maji ya pale yanavyokupwa na kujaa, mkondo unakopinda, na fungu linaanzia wapi hata kama halionekani. Naamini hapo ndipo penye siri ya kituo hiki. Waliookoa ni watu walewale waliokuwa wakiila riziki yao katika maji yaleyale.

Je, wajua kwamba nahodha mashuhuri kuliko wote wa boti za RNLI hakujua kuogelea? Anaitwa Henry Blogg. Alizaliwa Cromer mwaka 1876, akaingia katika kikosi cha boti mwaka 1894 akiwa kijana wa miaka 18, akawa nahodha mwaka 1909, na akashika usukani mpaka mwaka 1947, umri ukiwa umefika miaka 71. Katika miaka hiyo 53 alishuka baharini kwa wito mara 387, na watu waliookolewa wakafika 873. Alivishwa medali tatu za dhahabu na nne za fedha za RNLI, pamoja na nishani ya George Cross. Hakuna mwokoaji mwingine wa chama hicho aliyetunukiwa kiasi hicho. Kiangazi alikodisha viti kwa wageni wa ufukweni. Wageni walioketi juu ya viti hivyo walitaka sana kusikia habari za dhoruba, lakini mwenyewe hakupenda kuzisimulia.

Medali ya kwanza ya dhahabu ilitokana na siku ya tarehe 9 Januari 1917. Siku hiyo inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Boti ya wakati huo, Louisa Heartwell, haikuwa na injini. Ilikuwa ya makasia 14 na matanga, na haikuwa na reli za kuiteremsha: ilisukumwa kutoka ufukweni, watu wakiingia majini mpaka kifuani katika baridi ya Januari. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imewachukua vijana wa mji, kwa hiyo wengi wa waliokalia makasia walikuwa wamevuka miaka 50, na baadhi walikuwa wazee hasa. Mchana walikwenda kwenye meli ya Kigiriki iliyoitwa Pyrin, wakawatoa mabaharia 16. Walirudi wamelowa chapachapa na nguvu zimewaisha.

Hawajapumua vizuri, meli ya Kiswidi, Fernebo, ikapatwa na mlipuko uliokata kiwiliwili chake vipande viwili. Kipande chenye watu kikaja kukwama karibu na pwani, kiasi kwamba waliosimama ufukweni waliweza kukiona. Ukaribu ule haukusaidia kitu. Baruti za kurushia kamba zilijaribiwa, upepo ukazishinda. Blogg akawauliza wazee wake kama wako tayari kurudi, wakapanda. Mawimbi yakawarudisha pwani. Giza likaingia, taa kubwa za jeshi zikaletwa kumulika, wakapanda tena. Safari hii bahari iliyapiga makasia yenyewe: matano yakavunjika, matatu yakachukuliwa na maji. Boti ya makasia 14 ikabaki na sita, ikatupwa ufukweni kwa mara nyingine. Yaliletwa makasia ya akiba, wakapanda kwa mara ya tatu, na mara hiyo wakafika. Watu 11 wakashushwa kutoka kwenye kile kipande cha meli.

Hapo RNLI ilikuwa na medali za dhahabu na za fedha tu. Nahodha alipewa ya dhahabu na msaidizi wake ya fedha, lakini wale wapiga makasia je? Chama kikaanzisha medali ya shaba, na wavuvi wa Cromer wakawa wa kwanza kabisa kuvishwa. Katika historia yote ya kituo hiki, hilo ndilo linalonigusa zaidi. Nahodha angeweza kuwa na moyo wa simba, lakini bila mikono ya wazee wale isingeokolewa hata roho moja.

Boti ya injini ilikuja Cromer mwaka 1923, na nyumba yake ikajengwa mwishoni mwa gati ili isihangaike na mawimbi ya ufukweni. Iliitwa H F Bailey, jina la mfanyabiashara aliyeacha wasia wa fedha kwa ajili ya uokoaji. Wasia ule ulikuwa mkubwa kiasi kwamba boti nne, moja baada ya nyingine, zilibeba jina hilohilo pale Cromer. Blogg akayapata maarifa mapya ya kutumia injini. Desemba 1933, jahazi la mizigo liitwalo Sepoy lilikuwa likizama mbele ya mji, watu wawili wamejifunga kwenye mlingoti wake, na hakukuwa na njia ya kusogea ubavuni. Blogg akaielekeza boti juu ya jahazi lenyewe, ikapanda sitaha, mtu mmoja akanyakuliwa. Akairudisha nyuma, akapanda tena, wa pili akanyakuliwa.

Mwaka mmoja kabla, walikuwa wamekwenda Haisborough kwa meli ya Kitaliano, Monte Nevoso, wakawatoa mabaharia wake. Waliporudi baadaye kuiangalia meli ile walimkuta mbwa amebaki peke yake. Blogg akamchukua, akampa jina la Monte, na mbwa huyo akawa mwenyeji wa Cromer mpaka mwisho wa maisha yake.

Agosti 1941, katikati ya Vita Kuu ya Pili, meli sita za msafara mmoja zilipanda fungu la Haisborough katika dhoruba. Boti za Cromer na majirani zilipofika, kuna meli zilizokuwa zimebakiza milingoti na dohani tu juu ya maji. Kwenye Oxshott, mabaharia 16 walikuwa wamefungana kamba kuzunguka dohani. Blogg aliona ufa katika chuma cha meli, akaisukuma omo ya boti ndani ya ufa ule na kuishikilia hapo kwa nguvu za injini, watu wakaruka mmoja mmoja. Siku hiyo boti yake peke yake ilirudi na roho 88. Alikuwa na miaka 65.

Kabla ya miezi mitatu kupita, bahari ikamdai. Oktoba mwaka uleule walikwenda kwenye meli English Trader, palepale kwenye fungu. Wimbi moja liliilaza boti ubavu, likawatupa watano majini, Blogg mmojawapo. Wote walivutwa wakarudishwa, lakini mpiga ishara wa boti, Edward Allen, akafa muda mfupi baadaye. Waliobaki wakaenda Great Yarmouth, wakabadili nguo. Alfajiri walirudi kwenye English Trader wakawatoa watu 44.

Kilichomwokoa mtu asiyejua kuogelea ni jaketi alilovaa, na jaketi hilo lina habari inayotuhusu sisi wa pwani. Zamani majaketi ya RNLI yalitengenezwa kwa gome jepesi lile la kutengenezea vizibo vya chupa. Faida yake ilidhihirika Whitby mwaka 1861: boti ilipinduka, wakafa 12 kati ya 13, na aliyepona, Henry Freeman, ndiye pekee aliyevaa jaketi la aina hiyo, lililokuwa jipya wakati huo. Lakini gome ni gumu, humbana mpiga kasia mbavuni. Mwaka 1904 chama kikaanza kutumia kitu kingine: sufi. Ndiyo, sufi hii hii ya msufi, inayojazwa kwenye mito na magodoro kutoka Lamu mpaka Mtwara. Nyuzi zake zina uwazi ndani na nta juu, kwa hiyo hewa hukaa na maji hukataliwa. Mwanzoni mabaharia walikuwa na shaka kama pamba ya mto inaweza kumwelesha mtu mzima. Bahari iliwajibu, na sufi ikatumika kwa miongo mingi.

Je, wajua fedha za kazi hii hutoka wapi? Kati ya mwaka 1854 na 1869 RNLI ilipokea ruzuku ya serikali, kisha ikaachana nayo na kurudi kwa wachangiaji. Desemba 1886, boti mbili za pwani ya magharibi zilikwenda kuisaidia meli Mexico, zikapinduka, na waokoaji 27 wakafa usiku mmoja. Wajane na yatima wao wakagusa nchi nzima. Mfanyabiashara Charles Macara akafikiri: kwa nini watoe matajiri wachache tu? Oktoba 1891 boti za uokoaji zilivutwa katika mitaa ya Manchester, mji usio na bahari, bendi zikipiga mbele yake. Wanawake walishika mikoba iliyofungwa kwenye ncha za miti mirefu, ili walioketi juu ya tramu na waliosimama kwenye madirisha ya ghorofani nao watumbukize senti zao. Zilipatikana zaidi ya pauni 5,000, na unahesabiwa kuwa mchango wa kwanza wa hisani wa mitaani kuwekwa kwenye kumbukumbu.

RNLI ya leo imevuka mipaka ya visiwa vyake. Imeshirikiana na mradi wa Panje huko Nungwi, Zanzibar, ambako watoto hufundishwa kuogelea na kujiokoa, na wasichana huingia majini wakiwa na mavazi ya kuogelea yanayowasitiri mwili mzima. Kwa jamii ya wavuvi ambamo wengi hukua kando ya bahari bila kujifunza kuogelea, naiona kazi hiyo kuwa na thamani sawa na boti.

Blogg alipong'atuka mwaka 1947, usukani ulikwenda kwa mpwa wake, Henry Davies, aliyejulikana kwa jina la utani la Shrimp, na yeye akakaa nao mpaka 1976. Blogg alifariki Juni 1954, baada ya kuishi kuiona boti mpya ya Cromer ikipewa jina lake. Ile H F Bailey ya mwaka 1935, iliyookoa watu 518 katika miaka kumi, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho karibu na gati, na mgeni yeyote anaweza kuingia kuitazama.