Safari ya uwindaji kutoka Kitale: Anayekuuzia anakuuzia kosa

Mkazi wa Kitale au Bungoma anayeahidiwa safari ya kuwinda Mlima Elgon kwa bei nafuu anauziwa kosa la jinai. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikuuruhusu upya. Uganda na Tanzania huuruhusu kwa leseni, lakini ada ya kila mnyama pamoja na malipo ya kampuni huufanya kuwa anasa ya matajiri.

Mwenye kipato cha wastani na amsake mnyama kwa macho. Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa Swamp, karibu na Kitale, ilianzishwa 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa kinamasini aitwaye pia sitatunga. Humo wageni hutembea kwa miguu, hivyo hakuna gari la kukodi, gharama ambayo kwingineko humeza sehemu ya bajeti. Nzohe huonekana zaidi alfajiri na jioni. Kiongozi anayependekeza saa sita mchana hafai, hata akiwa wa bei rahisi. Kabla ya kulipa, msafiri aulize iwapo bei aliyotajiwa inajumuisha ada ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), au atadaiwa langoni.