Rangi Ikipotea Majini, Imekwenda Wapi?

Chukua maji yenye rangi ya methilini bluu, tia unga mweupe kidogo wa oksidi ya zinki, koroga, weka juani. Baada ya muda buluu hufifia, maji yakawa maangavu. Jaribio hili hupendeza macho, na hapo ndipo mtu anapodanganyika.

Unga wenyewe si mgumu kutengeneza. Chumvi ya zinki huyeyushwa majini, kisha sodakostiki hudondoshwa polepole huku mchanganyiko ukikorogwa mpaka ugeuke mweupe kama tui. Mashapo huchujwa, huoshwa, hukaushwa na kuchomwa kwenye tanuri, mara nyingi kwa nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi. Moto ukizidi, chembe hushikana na kunenepa, na sehemu inayogusana na maji hupungua. Wapo wanaotumia maji ya majani ya mwarobaini badala ya sodakostiki wakaiita njia ya kijani. Sawa, ila zinki bado inatoka kiwandani. Sifa hiyo isitiwe chumvi.

Miali ya urujuanimno ikiipiga chembe, elektroni huruka na kuacha tundu. Viwili hivyo vikifika usoni mwa chembe kabla ya kurudiana, hukutana na oksijeni na maji, vikazaa radikali kali za haidroksili. Hizo ndizo zinazoirarua molekuli ya rangi hadi, kazi inapotimia, ibaki kaboni dioksidi, maji na chumvichumvi. Tatizo ni kwamba urujuanimno ni takriban asilimia 5 tu ya nishati ya jua inayotufikia.

Tena, je, kweli kazi hiyo imetimia? Unga huweza kunasa rangi bila kuivunja. Ndiyo maana mtafiti makini hukoroga kwanza gizani, nusu saa hivi, akapima kabla ya kuweka kwenye mwanga. Huweka pia chupa isiyo na unga, kwa kuwa methilini bluu hufifia yenyewe kwa mwanga. Isitoshe, rangi hii ikipokea elektroni hupauka, na ikikutana na oksijeni hurudi buluu! Kipimo kinachosoma mwanga wa nanomita 664 huona buluu tu. Vipande vilivyobaki hakivioni. Vinajulikana kwa kupima kaboni ya kikaboni iliyosalia.

Halafu kuna unga wenyewe: lazima utolewe majini, na katika maji yenye asidi zinki huyeyuka. Ukionyeshwa chupa ya maji maangavu, uliza kaboni iliyosalia ni kiasi gani, na zinki je. Pasipo majibu hayo, maji hayo yasimwagwe mtoni.