Hedhi Isiyo na Mpangilio kwa Binti Aliyevunja Ungo Karibuni

Mzazi au mlezi, kabla ya kununua dawa ya “kupanga” hedhi ya binti yako, iwe dukani au sokoni Mwanga au Ujiji, tunakushauri uzingatie haya.

Katika miaka miwili hadi mitatu baada ya kuvunja ungo, mpangilio wa homoni kati ya ubongo na ovari haujakomaa, na yai halipevuki kila mwezi. Kwa hiyo hedhi huwahi au huchelewa. Kwa umri huo, siku 21 hadi 45 tangu hedhi moja kuanza hadi nyingine kuanza ni kawaida. Kuchelewa peke yake si ushahidi wa ujauzito. Binti asishutumiwe, aulizwe kwa upole, na ikibidi apimwe.

Mpeleke zahanati au kituo cha afya endapo:
- damu inatoka zaidi ya siku 7;
- pedi inalowa kila saa moja au mbili (nenda siku hiyohiyo);
- ana kizunguzungu au maumivu makali;
- siku 90 zimepita bila hedhi.

Ikihitajika, atapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni.

Usimpe vidonge vya uzazi wa mpango wala mitishamba bila ushauri wa mtaalamu. Damu inaweza kukoma huku chanzo chake kikibaki. Dawa iliyoandikwa na daktari inunuliwe katika duka lililosajiliwa, na udai risiti.

Kwa sasa, daftari latosha: binti aandike tarehe ya kuanza na ya kumaliza kila hedhi. Mhudumu wa afya ataliuliza kwanza.