Jeni ya MYC na Kikolezo Kisicho Chake

Limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto inayovimbisha taya au tumbo, ilielezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Ni saratani inayoonyesha wazi kwamba jeni inaweza kuleta maradhi hata protini yake ikiwa nzima: inatosha isomwe kupita kiasi.

Jeni yenyewe ni MYC, iliyoko kwenye kromosomu ya 8. Protini yake huhimiza usomwaji wa maelfu ya jeni nyingine, hasa zinazojenga ribosomu na kugawanya seli. Kwa kawaida protini hiyo hudumu takriban nusu saa tu, ikavunjwa.

Kromosomu ya 14 ina jeni za kingamwili, ambazo seli B, seli za kinga ambamo limfoma hii huanzia, huzisoma kwa wingi. Kinachozihimiza ni kikolezo, kipande cha DNA kisichotengeneza protini yoyote. Hukaa mbali na mwanzo wa jeni, lakini uzi wa DNA hujikunja hadi viwili hivyo vikagusana. Kukiita kiwashio kungepotosha. Moto hakiuwashi, huukoleza.

Ichukuliwe nyumba ya wapangaji. Chumba kimoja kina jiko la mkaa la kupikia uji; uji ukiiva, mkaa hufunikwa majivu. Chumba cha pili anakaa mkaanga mihogo, na jiko lake hupepewa tangu alfajiri hadi usiku. Kuta zikibomoka, zikajengwa upya ovyo, jiko la uji hujikuta mbele ya mpepeaji. Halina kasoro, na mkaa ni uleule. Mpepeaji naye haulizi jiko ni la nani. Anapepea tu, na majivu hayapati nafasi ya kutulia.

Mbomoaji ni kimeng'enya AID, ambacho kazi yake halali ni kuzichokoa jeni za kingamwili ili ziboreke. Mara chache hukosea shabaha, kikaharibu DNA karibu na MYC; seli ikiziunga ncha zilizokatika, MYC hubandikwa kwenye kromosomu ya 14. Ubadilishanaji huo ulionekana kwa hadubini miaka ya 1970, na mwaka 1982 MYC ikatambuliwa penye kiungo. Kwa wagonjwa wachache kikolezo hutoka kromosomu ya 2 au ya 22, zenye jeni za kingamwili pia.

Malaria ya mara kwa mara huamsha AID, na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa London mwaka 1964 katika uvimbe uliotoka Uganda, huisaidia seli yenye hitilafu isijiue. Watoto wengi hupata vyote viwili bila kuugua saratani hii.

Uvimbe huweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili, na kasi hiyohiyo huufanya udhurike upesi kwa dawa kama saiklofosfamidi. Protini ya MYC yenyewe haina tundu zuri la kunasia dawa, hivyo watafiti huandama kikolezo. Mwaka 2011 ilionyeshwa kuwa kemikali JQ1, kwa kuibandua kutoka kwenye kromosomu protini BRD4, inayovisaidia vikolezo kufanya kazi, hupunguza usomwaji wa MYC katika seli za saratani ya damu zilizokuzwa maabara.