Fahamu: Msimamizi wa mwanafunzi wa saikolojia hufanya nini?

Mwanafunzi wa saikolojia ya tiba anayeenda ateshmenti katika hospitali ya Kitale au Bungoma hagawi ushauri apendavyo. Anamsikiliza mgonjwa kwa idhini yake, anaandika, kisha anapeleka kazi hiyo kwa msimamizi. Hapo ndipo somo lenyewe huanza.

Chukua mfano. Mama anasema, “Nina mawazo mengi, moyo unanienda mbio.” Mwanafunzi anaandika “wasiwasi”. Msimamizi anauliza: analala? Anakula? Ulimuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua? Na kama mama alichanganya Kibukusu na Kiswahili, neno lipi hasa alitumia? Mara nyingi mwanafunzi hunyamaza, akipekua daftari.

Huduma inayosimamiwa kwa karibu imeonekana kufaa hukuhuku. Katika utafiti uliochapishwa 2020, watoto 640 waliofiwa na wazazi, wa Bungoma na Moshi, Tanzania, walishirikishwa. Waliopata tiba ya kiwewe walihudumiwa na washauri wasio wataalamu, waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu. Bungoma, matokeo yalikuwa mazuri. Kwangu mimi, siri ilikuwa usimamizi kuliko vyeti.

Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia tangu 2014, inayodhibiti taaluma hii.

Ukiambiwa anayekuhudumia ni mwanafunzi, una haki ya kuuliza nani anamsimamia, na ya kukataa.